Chungu Nyuma ya Shuka

Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu hapa Kitale pana karatasi inayobadilishwa kila tarehe mosi. Huandikwa kitu kimoja tu, kile tutakachokitazama mwezi huo kuliko vingine: rangi, mmea, umbo, au kazi ya mikono ya mtu fulani. Mimi ni mwalimu wa Sanaa katika shule ya upili, na kinachoandikwa pale ndicho kinachoingia darasani. Fedha za shule hununua penseli na karatasi. Rangi za chupa huja zimechelewa, na mihula mingine haziji. Lakini soko, mashamba na barabara ya kwenda Bungoma havijawahi kuninyima kitu.

Mama watoto huisoma karatasi hiyo kabla ya mtu yeyote, ili ajue afiche nini.

Machi mwaka jana iliandikwa rangi ya mbegu. Mji huu umekuwa makao ya Kenya Seed tangu 1956, na mahindi chotara ya kwanza ya nchi hii yalitoka hapa Kitale mwaka 1964. Mvua inapokaribia, kila duka la pembejeo lina foleni, na mbegu zenyewe zimepakwa rangi pamoja na dawa ili mtu asije akazidhania chakula. Ni rangi ya kupendeza mno, na hairuhusiwi kuguswa. Tuliitazama kwa mbali, tukaitafuta kwa njia nyingine: bitiruti iliyochemshwa na kukorogwa. Iliyoumia ni mwiko. Mti ulinywa ile rangi, na kwa siku kadhaa ugali wetu ulikuja mezani na michirizi ya waridi. Kitinda mimba aliukataa katakata.

Juni ulikuwa mwezi wa mifuko ya unga, na hapo nikawaeleza wanafunzi habari za Rosemary Karuga. Alizaliwa 1928, akasoma sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952, akarudi nyumbani akawa mwalimu, akafundisha miaka mingi bila jina lake kuvuma. Alipostaafu ndipo mikono yake ilipofunguka. Rangi zilikuwa ghali, basi akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika mpaka vikawa watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa ukutani Studio Museum, mtaa wa Harlem, New York. Alifariki 2021. Mwalimu yeyote wa Sanaa nchini Kenya anayelia ukosefu wa vifaa anapaswa kulijua jina la mama huyu, na mimi hulitaja kila mwaka. Watoto wangu nao walimpenda kupita kiasi. Walikata mifuko miwili iliyokuwa bado na unga ndani. Jioni ile tulikula viazi.

Ila kisa chenyewe ni cha Desemba, na Desemba karatasi haikuandikwa nami. Mama watoto alichukua kalamu, akaandika: Udongo wa mama.

Mama yake anaishi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Tangu usichana wake alikuwa akifinyanga: mitungi ya maji, vyungu vya mboga, na vile vikubwa vya busaa ambavyo wazee walivizunguka na mirija yao mirefu. Sufuria za alumini na madumu ya plastiki yalipojaa sokoni, wateja wakapungua, naye akaacha. Mke wangu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Anakumbuka mtungi uliokaa pembeni mwa jiko, maji yake baridi hata mwezi wa Januari kwa sababu ule udongo hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto la maji. Miaka yote nimefundisha ufinyanzi kwa picha za vitabuni, na fundi yuko ukweni kwangu.

Tatizo lilikuwa ni kwamba yeye ni mama mkwe wangu. Kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, na wala mmoja halali chini ya paa la mwenzake. Simu imelegeza mambo kidogo: tunasalimiana kwa maneno machache, kisha namrudishia mama watoto. Lakini kumkalia mtu magotini nitazame vidole vyake vikikanda? Hilo halikuwezekana. Nami naiheshimu mila hiyo. Imenipa mama mkwe ambaye hatujawahi kukoseana naye hata neno moja.

Ikaamuliwa kwamba binti yetu wa kwanza awe mdomo na masikio. Tulipofika Bungoma, kukhu, yaani nyanya yake, akakaa upande wa pili wa jiko la nje, mimi nikakaa kwenye kivuli cha ghala, na mtoto akawa anakimbia.

“Mwambie baba yako udongo hauchimbwi juu. Juu ni mchanga na mizizi. Achimbe mpaka aone rangi imegeuka.”

“Baba, kukhu anasema uchimbe mpaka ugeuke rangi.”

Tulichimba bondeni, mimi na shemeji yangu, yule mdogo wa mwisho wa mama watoto, kijana mwenye mikono isiyotulia. Tukauloweka udongo, tukatoa vijiwe kimoja kimoja. Kisha likaja agizo kwamba usikandwe mtupu. Kukhu alileta vigae vya mtungi wake wa zamani, vikasagwa, unga wake ukachanganywa ndani. Vitabu vyangu vinalieleza jambo hili kwa aya ndefu: punje ngumu hupunguza kunywea kwa udongo unapokauka na kuupa mvuke njia ya kutokea motoni. Kukhu alilisema kwa kifupi, na mtoto akalifikisha bila kupunguza chochote: “Kinachozaliwa lazima kiwe na kitu cha nyanya yake.”

Kamba za udongo zikapandishwa moja juu ya nyingine, kuta zikalainishwa kwa kipande cha kibuyu, na shingoni tukabingirisha gunzi la mahindi kufanya urembo. Nitasema wazi kwamba sijaona chapa nzuri kuliko ile ya gunzi. Vitundu vyake vinajipanga safu mara moja, bila rula, na kila gunzi lina mwandiko wake. Tukawa na vyungu vitatu. Kukhu akaagiza vikae kivulini, visiguswe na jua wala upepo mkali, mpaka yeye mwenyewe atakapovigonga na kusikia.

Kalenda ya shule haikumngoja agonge. Januari ilifika, walimu wakatakiwa kazini, na vyungu vikasafiri vikiwa vimefungwa kwa mablanketi, kila mtu na chake mapajani. Makanga alitaka nauli ya vyungu. Mama watoto akamjibu kwamba watoto wa kupakata hawalipi, na abiria wakamuunga mkono. Tulipita Webuye, na nikawaonyesha watoto mabomba ya moshi ya kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi 1974 na kufungwa 2009 kabla ya kupata mmiliki mwingine. Karatasi nyingi nilizochorea utotoni zilitoka pale, na sijawahi kupita nisitazame. Misikhu akapanda bibi mmoja, akakaa karibu na shemeji, aliyekuwa amefuatana nasi, akaingiza kidole ndani ya blanketi na kubonyeza kitako cha chungu.

“Hiki bado kinanyonya,” akasema. “Msikitie motoni.”

Shemeji akasema, “Ndiyo, mama.”

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mita mia kadhaa juu kuliko Bungoma, na usiku wa Januari ni wa baridi. Kuta za vyungu zilikauka vizuri zikawa nyeupe nyeupe. Vitako vilibaki na rangi ya giza. Viliwekwa juu ya kabati la vyombo, na kabati likaanza kumwaga vumbi jekundu kwenye vikombe. Mama watoto alivumilia, maana ni yeye aliyeandika karatasi.

Jumapili moja tulikwenda kanisani tukamwacha shemeji nyumbani. Alitaka kutufurahisha. Alikuwa ameona gunia la magunzi makavu nyuma ya nyumba, akajua kwamba magunzi hushika moto upesi, akavipanga vyungu katikati na kuwasha. Majirani walituhadithia yaliyofuata, kila mmoja kwa namna yake. Wa chumba cha kwanza alidhani ni gurudumu la lori. Wa chumba cha tatu aliwalaza watoto wake sakafuni. Chungu cha kwanza kilipasuka, wakati watu wanatoka kuangalia kikapasuka cha pili, na cha tatu kikawakuta wote uani. Maji yaliyojificha kitakoni yanapogeuka mvuke ghafla hayaulizi mlango. Kigae kimoja kilipenya kwenye kamba ya nguo na kutua ndani ya beseni la mama wa chumba cha tano. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo bado nashukuru.

Tulirudi tukakuta ua umejaa watu, na shemeji amesimama na fagio mkononi, nyusi zake zimepungua.

Simu ya Bungoma ilipigwa na mama watoto. Alieleza yote, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akageuka kwetu na maagizo mawili. La kwanza: vigae vyote viokotwe, hata kile cha kwenye beseni, visagwe. La pili: mama anakuja.

Watoto walilitimiza agizo la kwanza kabla jioni haijaingia. Walivitwanga vigae kwenye kinu cha njugu. Hakuna aliyewaambia watumie kingine, na kinu ndicho chombo cha kutwangia. Ila kinu cha mti kina nyufa, na Jumanne ile mchuzi wa njugu ulikwaruza meno. Mama watoto aliweka kijiko chini. Alikisafisha kwa maji moto na chumvi, akakisugua, akakianika, akakisugua tena. Hatimaye alinitazama akasema kwa utulivu kwamba tangu leo kinu kile ni cha Sanaa, na kwamba Kitale kuna wauza vinu. Nilikwenda sokoni siku hiyo hiyo.

Kukhu aliwasili na gunia la udongo juu ya boda boda. Mahali pa kulala palikuwa pameshapatikana: mama wa chumba cha tano, wa beseni, ni mtu wa kwao, na alisema ni heshima kwake. Ilibaki mahali pa kazi. Ua wetu ni mmoja, na mimi natoka na kuingia. Mama watoto akachukua shuka jeupe, lile la maua ya kutarizi pembeni alilopewa siku ya kuagwa kwao, akalitandaza kwenye kamba ya nguo kutoka ukutani hadi kwenye mti wa parachichi. Kukhu upande ule, mimi upande huu. Mtoto akarudi kwenye kazi yake ya kukimbia.

Hapo ndipo nilipopata kile ambacho mwezi mzima wa kutafuta haukunipa. Jua la asubuhi lilitoka nyuma yake. Shuka lote likajaa kivuli cha mwanamke aliyeinama, mikono miwili, na chungu kinachokua kati yake. Rangi haikuwepo, sura haikuwepo, wala kitu cha kunivuruga. Kulikuwa na mstari tu: mgongo, mkono, mdomo wa chungu. Aliposogea, chungu kilionekana kama kinazunguka chenyewe, kumbe ni yeye aliyekuwa akikizunguka kwa miguu, kinyumenyume, kwa maana hana gurudumu la mfinyanzi. Nilichora kwa makaa ya jikoni kwenye mifuko ya unga iliyopasuliwa, mmoja baada ya mwingine, na chai yangu ikapoa. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wachore umbo kabla ya mambo madogo madogo. Sijawahi kuwa na mfano wa kuwaonyesha uliokuwa mzuri namna hiyo.

Siku moja nilimpa mtoto simu ampelekee kukhu picha ya kazi ya Magdalene Odundo. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akajifunza sehemu ya kazi yake kwa wafinyanzi wanawake wa Abuja, Nigeria, na leo anaishi Uingereza, ambako mwaka 2020 alipewa cheo cha Dame. Vyungu vyake vinajengwa kwa mkono, vinasuguliwa mpaka vinang'aa bila kupakwa kioo chochote, na vingine ni vyekundu kama tofali jipya na vingine vyeusi ti. Upande wa pili wa shuka kukawa kimya. Kivuli kikaisogeza simu karibu na uso, kikaiweka mbali, kikaisogeza tena.

“Mwambie baba yako, huyu mama kile cheusi amekichoma mara mbili. Na mara ya pili moto ameufunika.”

Ndivyo afanyavyo Odundo. Moto wa kwanza unaopata hewa huacha wekundu, wa pili ulionyimwa hewa huleta weusi. Nilipolijua jambo hilo nililisoma kwenye kitabu cha gharama. Kukhu alilisoma kwenye simu iliyopasuka kioo. Kisha akauliza kama huyo mama ana wasichana anaowafundisha, na kama chungu chake kinaingia mwiko.

Chungu kipya kilihitaji kukauka, na safari hii hakuna aliyekikimbiza. Kililala chumba cha tano, chini ya kitanda, kimefunikwa kwa leso. Wakati wa kungoja tulimpeleka kukhu kwenye Makumbusho ya Kitale. Tulitembea kwa msafara mrefu: yeye na wajukuu mbele, mama watoto katikati, mimi nyuma kabisa. Makumbusho hayo yalifunguliwa 1974, na msingi wake ni mkusanyiko wa Kanali Stoneham, mlowezi aliyetumia maisha yake kukusanya wadudu, ndege na vitu vya watu wa eneo hili, akauacha kwa umma alipofariki 1966. Mimi huwapeleka wanafunzi pale kwa ajili ya vipepeo, kwa sababu hakuna chati ya rangi inayofikia bawa la kipepeo. Kukhu aliwatazama wale vipepeo waliochomwa pini safu kwa safu, akauliza kama huyu mzungu hakuwa na shamba la kupalilia. Lakini nje, kwenye nyumba za mfano za jamii mbalimbali, alikaa sana. Aligusa ukuta uliokandikwa. Akamwambia mjukuu wake kwamba nyumba ni nzuri ila haijanuka moshi, kwa hiyo bado haijawa nyumba.

Siku ya moto ilikuwa Jumamosi, na shemeji aliwekwa chini ya ulinzi wa mama watoto. Kukhu hakuanza na magunzi. Alianza na kijimoto cha makapi kisicho na ndimi, akakiinamisha chungu juu yake kifukizwe polepole, mdomo chini, huku akikigonga kwa ukucha na kusikiliza. Sauti ilianza kuwa ya mbao. Baada ya muda mrefu ikawa ya chuma. Hapo tu ndipo alipoagiza kuni, samadi kavu ya ng'ombe, na nyasi za kufunikia juu. Moshi ukapanda mzito na mweupe, ukapita juu ya mabati, ukaelekea kwa mwenye nyumba, ambaye nyumba yake ndiyo inayofuata.

Upepo ukageuka. Cheche zikaruka, na shuka la kutarizi likapokea zote. Nilimwona mama watoto akisimama, na nikamwona akikaa tena. Shuka likishushwa tu, mimi na mama yake tungetazamana ana kwa ana katika ua ule, mbele ya majirani wote. Akaliacha. Matundu yakatokea moja baada ya jingine, kila moja na ukingo wake wa kahawia, na kupitia humo vijishale vya mwanga vikaingia upande wangu. Alipoliteremsha jioni alihesabu maua yaliyosalimika, akalikunja vizuri, akanikabidhi mimi bila neno. Sasa liko darasani, limening'inizwa kwenye dirisha la mashariki, na wanafunzi wangu wanachora mwanga unaopita ndani yake. Shuka jipya nimelilipia, na la kutarizi ni ghali.

Chungu kilitoka kizima. Upande mmoja kina wingu jeusi ambapo samadi ilikilalia, na gunzi limeacha mwandiko wake shingoni kote. Mwenye nyumba alifika kikiwa bado cha moto, amekuja na hasira ya moshi. Alisimama, akakitazama. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa nani amefinyanga, kwa sababu mama yake alikuwa na cha namna hiyo, na maji ya friji hayajawahi kumkata kiu kama yale. Alitaka kimoja, cha maji, chenye mfuniko.

Jibu lilitoka nyuma ya shuka, kwa mdomo wa mtoto: bei ni elfu moja mia mbili, nusu sasa, nusu kikishagongwa na kusikika. Udongo unatoka Bungoma, nauli ya gunia ni juu ya mwenye nyumba. Na siku ya kukichoma kutakuwa na moshi kama wa leo.

Mwenye nyumba alitoa mia sita pale pale. Shemeji akaambiwa ajiandae kwenda kuchimba.